Namna ya Kuandika Uchambuzi wa Episodi Moja ya Tamthilia ya Bunilizi ya Kisayansi: Mwongozo Kamili

Uchambuzi mwingi ninaousoma kuhusu tamthilia za anga na maroboti ni muhtasari tu: aya sita za kueleza nini kilitokea, kisha mstari mmoja wa "kali sana, usikose". Aliyekwisha kuitazama haambulii kipya, na ambaye hajaitazama ameshaharibiwa utamu. Mchambuzi anapaswa kuonyesha namna hadithi ilivyofanya kazi yake, na kusema kwa ushahidi ilifaulu wapi na ilikwama wapi. Hilo linafundishika.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni episodi inayoitwa "The Measure of a Man", ya 9 katika msimu wa pili wa Star Trek: The Next Generation, iliyorushwa Marekani Februari 1989. Aliiandika Melinda M. Snodgrass, aliyewahi kuwa mwanasheria, na mwongozaji ni Robert Scheerer. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Data ni androidi, yaani roboti mwenye umbo la binadamu, anayetumika kama afisa ndani ya chombo cha anga, Enterprise. Mwanasayansi mmoja, Bruce Maddox, anataka ahamishiwe kwake ili amfungue vipande vipande na ajifunze kutengeneza wengine kama yeye. Data anakataa, anaamua kujiuzulu. Maddox anasema mashine haina cha kujiuzulu. Ni mali ya jeshi la anga, Starfleet. Shauri linakwenda kusikilizwa.

Nimeichagua kwa sababu karibu haina mapigano wala milipuko. Ni watu wanazungumza vyumbani. Ukiweza kueleza kwa nini episodi kama hiyo inamkaba mtazamaji, zile za vita vya anga hazitakusumbua.

Hatua ya 1: Jua unatazama toleo lipi

Episodi hii ina matoleo mawili rasmi: lile la televisheni, la dakika kama 46, na lile refu la dakika 57 lililotoka mwaka 2012 kwenye diski za Blu-ray za msimu huo, likiwa na sehemu zilizokatwa awali. Ukilalamika kwamba mambo yanakwenda mbio, na msomaji wako alitazama lile refu, hamtaelewana. Taja toleo lako, hata kwa nusu sentensi.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Wengi wetu tumekulia kwenye mabanda ya video, tukitazama filamu zenye sauti ya msimulizi anayetafsiri juu ya picha, na msimulizi hodari huongeza utani, vijembe na methali zake mwenyewe. Ni sanaa kamili, na inastahili wachambuzi wake. Lakini usimpe mwandishi wa hadithi sifa ya utani wa msimulizi, wala usimtupie lawama ya maneno ambayo hakuyaandika. Kwa uchambuzi wa episodi yenyewe, tafuta sauti ya asili, ikibidi na maandishi ya tafsiri chini ya picha.

Nakili pia majina kutoka kwenye picha ya mwanzo na ya mwisho: mwandishi, mwongozaji, waigizaji wakuu na wageni wa episodi hiyo. Kwenye televisheni jina la mwandishi lina uzito mkubwa, kwa kuwa mara nyingi dhana ya episodi nzima ni yake.

Hatua ya 2: Tazama mara mbili

Mara ya kwanza tazama bila kalamu, na simu iweke mbali. Ikiisha tu, andika sentensi tatu: umehisi nini, umechoka wapi, picha gani imekuganda kichwani. Zitunze. Baadaye, ukishasoma maoni ya wengine, hutaweza tena kujua yapi yalikuwa yako.

Mara ya pili kaa na daftari. Gawa ukurasa safu tatu: dakika, kinachoonekana na kusikika, halafu swali lako au hisia yako. Safu ya kati iwe safi, bila maoni hata kidogo. Kwa mfano, kuna mahali ambapo Riker, afisa aliyelazimishwa kuwa mwendesha mashtaka dhidi ya rafiki yake Data, anapekua michoro ya mwili wa Data kwenye kompyuta. Safu ya kati itasomeka hivi: "Riker yuko peke yake. Anasoma. Anakiona kitu, anatabasamu. Tabasamu linafifia, uso unaanguka. Hasemi neno." Safu ya tatu: "Amepata silaha, na hataki kuitumia?"

Tofauti ya safu hizi mbili ndiyo msingi wa kazi nzima. Ile ya kati hakuna atakayeipinga, maana iko kwenye picha. Ile ya tatu ni yako, na utaitetea kwa kutumia ya kati.

Hatua ya 3: Ipate ile "kama"

Kila hadithi ya bunilizi ya kisayansi imesimama juu ya sharti moja: kama kitu fulani kingewezekana, nini kingefuata? Usipoipata hiyo "kama" na kuiandika kwa sentensi moja, uchambuzi wako utayumba. Anayeanza ataandika: "Ni kuhusu roboti aliyepelekwa mahakamani." Hilo ni tukio tu. Jaribu hivi: "Kama mashine ingefika mahali pa kusema sitaki, nani ana haki ya kuamua kwamba kukataa huko ni kwa kweli?" Sasa una swali, na kila onyesho unaweza kulipima kwa swali hilo.

Ukishaipata, jiulize kama hadithi imeweka kanuni zake mapema, na kama imezifuata hata pale zilipombana mwandishi. Hapa ndipo episodi hii ilipofumwa kwa ustadi kuliko watu wengi wanavyotambua, kwa hiyo twende taratibu.

Inaanza na mchezo wa karata. Maafisa wamekaa mezani wanacheza poka, na Data yumo kwa mara ya kwanza. Amesoma vitabu vya mchezo huo na anaamini ni rahisi. Riker anapandisha dau kwa kujiamini, Data anakokotoa, anaweka karata zake chini. Kisha inajulikana kwamba Riker hakuwa na kitu mkononi. Alikuwa anamtisha tu. Mtazamaji anacheka na kusahau.

Baadaye Maddox anamhakikishia Data kwamba kabla ya kumfungua atanakili kumbukumbu zake zote, hivyo hakuna kitakachopotea. Data anajibu kwa mfano wa karata zile zile: alikuwa amesoma kila kitu kuhusu poka, lakini alipokaa mezani aligundua kwamba mchezo wenyewe haukuwa ndani ya vitabu. Anahofia kwamba taarifa zitahamishwa salama, huku ile ladha ya kuyaishi mambo ikibaki nyuma. Kwa hiyo onyesho la kwanza, lililoonekana la kupoza mambo, lilikuwa linaweka msingi wa hoja kuu. Mwandishi ametupa kanuni (kujua si sawa na kuishi jambo) kabla hatujajua tutaihitaji.

Uhusiano wa aina hii, wa kitu kilichopandwa mwanzo na kuvunwa baadaye, ndio uutafute katika kila episodi. Pitia safu yako ya kati, chora mshale kati ya dakika zinazojibizana. Usipopata mshale hata mmoja, hilo nalo ni la kuandika.

Na sayansi yenyewe? Usiwe mwalimu wa fizikia mwenye kalamu nyekundu. Ubongo wa Data unaitwa wa positroni, na hakuna anayeeleza unavyofanya kazi. Si kosa. Hadithi inachohitaji ni jambo moja tu kuhusu ubongo huo: kwamba Maddox hauelewi vya kutosha kuweza kumrudisha Data salama, na hilo linasemwa wazi. Lalamika pale episodi inapovunja kanuni iliyoiweka yenyewe, kwa mfano kifaa kilichoshindwa dakika ya kumi kikaweza kila kitu dakika ya arobaini bila sababu. Huo ndio uvivu wa kukemea.

Hatua ya 4: Chagua onyesho moja ulifungue lote

Huwezi kuchambua dakika 46 zote kwa kina. Chagua onyesho moja ambalo likiondolewa episodi inaanguka, ulipe nafasi kubwa kuliko yote. Kwangu ni lile Riker anapotoa ushahidi.

Tazama mpangilio wake. Kwanza anamtaka Data ataje uwezo wake, na Data anataja bila majivuno: kumbukumbu ya biti kwadrilioni 800, operesheni trilioni 60 kwa sekunde. Halafu anampa chuma akikunje, Data anakikunja. Kisha Riker anaomba ruhusa, anamwendea na kuung'oa mkono wa Data kuanzia chini ya kiwiko, anauweka mezani mbele ya hakimu. Mwisho, akiendelea kuzungumza, anapeleka kidole mgongoni na kubonyeza kitufe. Data anaanguka kifudifudi juu ya meza katikati ya kikao. "Pinocchio amevunjika," anasema Riker. "Nyuzi zake zimekatwa." (Pinocchio ni yule kikaragosi wa mbao wa hadithi za watoto.) Riker anarudi kukaa, na uso wake ni wa mtu aliyejichoma kisu.

Sasa fanya kazi ya mchambuzi: kwa nini mpangilio huu na si mwingine? Ushahidi unakwenda kutoka namba, hadi nguvu, hadi kiungo, hadi uhai. Kila hatua inampunguza Data mbele ya macho yetu, na kila hatua ni ya kweli. Riker hasemi uongo hata mara moja. Hapo ndipo penye uchungu. Tunaona hoja sahihi katika kila kipande ikitupeleka kwenye hitimisho ambalo moyo unalikataa, na tunalazimika kumsubiri Kapteni Picard, mkuu wa Enterprise anayemtetea Data, atafute wapi pana tobo.

Sema na la uigizaji. Brent Spiner, anayeigiza Data, anaanguka bila kupunguza mwendo, bila mkono kujikinga, jambo ambalo mwili wa binadamu hulikataa. Jonathan Frakes anaigiza mambo mawili kwa pamoja: sauti ya wakili anayeshinda, na macho ya rafiki anayeumia. Lile tabasamu lililokufa mbele ya kompyuta lilikuwa limeshatuandaa. Huo ni mshale wako wa pili.

Ukiandika hivi kuhusu onyesho moja, msomaji atakuamini hata kwa mambo utakayoyagusa juujuu: mwanga, muziki, mavazi, ubora wa picha za kompyuta. Hayo yape sentensi chache, isipokuwa pale yanapobeba maana.

Hatua ya 5: Taja udhaifu, na useme umegharimu nini

Uchambuzi usio na lawama hata moja unanuka ushabiki. Lakini lawama nayo ipimwe. Katika episodi hii shaka kubwa iko kwenye utaratibu wa sheria. Kapteni Louvois, ofisa wa sheria wa kituo cha anga, anasema ofisi yake ni mpya na hana watumishi, kwa hiyo Picard atakuwa mtetezi na Riker, msaidizi wake mwenyewe, atakuwa mwendesha mashtaka. Riker akikataa, au akifanya kazi kwa ulegevu, Louvois ataamua papo hapo kwamba Data ni kifaa tu. Hakuna haki ya kawaida ambayo ingeruhusu rafiki wa mtu kulazimishwa kumshtaki, tena kwa kesi ya uhai wake.

Wengi wangeishia hapo. Wewe endelea na swali la pili: udhaifu huo umenunua nini? Umenunua onyesho lote nililolieleza. Mwendesha mashtaka mgeni angeuondoa mkono wa Data na tusihisi lolote zaidi ya hasira. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba mwandishi, anayeijua sheria, aliamua kuukunja utaratibu ili apate mgongano wa mioyo, na bei hiyo ilifaa kulipwa. Unaweza kukataa, mtu mwenye mazoea ya mahakama ana kila sababu ya kukataa. Muhimu ni kwamba umeonyesha mizani yote miwili, na msomaji anaweza kuipima mwenyewe.

Hatua ya 6: Iweke ndani ya msimu wake, kwa ufupi

Aya moja inatosha. Msimu wa pili ulipunguzwa hadi episodi 22 kutokana na mgomo wa waandishi wa mwaka 1988 huko Marekani, na hii ilikuwa kati ya zile zilizoonyesha kwamba tamthilia hiyo imeanza kusimama kwa miguu yake. Mjadala wa haki za Data ulirudi msimu wa tatu katika "The Offspring", anapojitengenezea binti. Maddox mwenyewe alirejeshwa miongo mitatu baadaye katika Star Trek: Picard, mwaka 2020, akiigizwa na mtu mwingine.

Ila usiihukumu episodi ya 1989 kwa yaliyokuja baadaye. Ipime kwanza ilivyo, kwa macho ya mtu aliyeketi kuitazama bila kujua kesho yake, ndipo uongeze historia.

Hatua ya 7: Lete macho yako mwenyewe, lakini anzia kwenye picha

Kuna mazungumzo mafupi kati ya Picard na Guinan, mhudumu wa baa ya chombo, anayeigizwa na Whoopi Goldberg. Picard anadhani anatetea afisa mmoja. Guinan, kwa sauti ya chini, anamkumbusha kwamba katika dunia nyingi daima kumekuwepo viumbe wa kutumika na kutupwa, wa kufanya kazi chafu ambazo wengine hawazitaki. Sasa fikiria jeshi la kina Data. Neno "utumwa" analitaja Picard. Guinan anajifanya kuliona ni kali mno, na hapo ndipo Picard anagundua kwamba "mali" lilikuwa neno laini la kuufunika ukweli huo. Anakwenda nalo mahakamani.

Mchambuzi wa Zanzibar au Bagamoyo ana haki kamili ya kusema mazungumzo haya yanamgonga tofauti. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kanisa la Anglikana limesimama mahali pale pale hadi leo. Kwetu mtu kuhesabiwa kuwa mali si jambo la kubuni. Andika hivyo. Huo ni uchambuzi ambao mwandishi wa Los Angeles hawezi kukuandikia. Ila mlolongo uwe huu: kwanza nani alisema nini, nani alinyamaza na kamera ilikaa kwa nani, kisha historia yako. Ukianza na historia, episodi itageuka kisingizio cha hotuba.

Hatua ya 8: Sasa andika

Maneno 800 hadi 1,000 yanatosha episodi moja. Usianze na historia ya tamthilia wala na mwaka wa kutengenezwa. Anza na dai lako. Linganisha:

"Episodi hii inamhusu Data ambaye ni roboti. Inaanza wakicheza karata, halafu anakuja Maddox, halafu..."

na:

"Anayemjeruhi Data zaidi kuliko wote katika episodi hii ni rafiki yake, na anamjeruhi kwa kusema ukweli mtupu. Snodgrass amejenga shauri ambalo upande wenye makosa ndio wenye ushahidi bora."

Ya pili inamfanya msomaji atake kujua umefikaje hapo. Baada ya dai, weka muhtasari wa sentensi nne au tano, usizidi. Kisha onyesho lako kuu, kisha mishale yako, kisha udhaifu, kisha hukumu. Mpangilio huu si amri. Kama udhaifu ndio habari kubwa, uutangulize.

Kuhusu spoila, weka onyo kabla ya kufichua mwisho, na ufichue ikiwa hoja yako inahitaji kweli. Hapa inahitaji. Louvois hatoi jibu la kama Data ana roho. Anasema hajui hata kama yeye mwenyewe anayo, na kwamba Data apewe uhuru wa kujichunguza mwenyewe. Episodi inakataa kujifanya imejibu swali lisilojibika, na inaamua swali dogo lililo mbele yake: ana haki ya kuchagua. Bila kulitaja hilo huwezi kueleza ukubwa wake. Wala usiache Data anavyomtendea Maddox baada ya ushindi: anamkatalia rasmi kufunguliwa, kisha anamtia moyo aendelee na utafiti. Ni hapo Maddox anamzungumzia kama mtu kwa mara ya kwanza, na hakimu analisikia.

Nukuu fupi, chache, ulizozisikiliza mara mbili. Tafsiri mwenyewe kwa Kiswahili kinachotamkika. Kama mhusika huyo angezaliwa Tanga angesemaje? Majina ya wahusika na ya vyombo yabaki yalivyo. Na epuka maneno ya "noma", "hatari" na "balaa" pale unapotakiwa kutoa sababu. Yanajaza nafasi ya hoja.

Hatua ya 9: Hukumu na ukaguzi

Ukitoa maksi, zilingane na maneno yako. Mimi naipa hii 9 kwa 10, na ile moja iliyobaki imekwenda kwenye utaratibu wa kesi niliouzungumzia. Msomaji asilazimike kuitafuta.

Kisha acha rasimu ilale usiku mmoja. Asubuhi isome kwa sauti, ukikagua kila jina, namba ya msimu na mwaka kwa kuangalia upya picha za mwanzo na za mwisho. Zitoe zile sentensi tatu za utazamaji wa kwanza uziweke kando ya rasimu. Ikiwa daftari linasema ulichoka katikati na uchambuzi unasema hukubanduka kwenye kiti, rudi kwenye dakika hizo uzitazame tena kabla hujatuma.